Tumerithi Samaki wa Jiwe: Ni wa Kweli au Kapakwa Rangi?

Kaka mtu kapewa nyumba, dada mtu kapewa kiwanja, mume wangu kapewa samaki wa ukutani. Tulivyomchunguza mezani jikoni, tuligundua mambo mawili: samaki alikuwa na siri, na mume wangu naye alikuwa nayo.

Mambo ya mirathi, jamani, yasikie kwa jirani tu. Mwaka jana, baada ya arobaini ya baba mkwe wangu, familia nzima ilikaa sebuleni Dodoma kusomewa wosia. Kaka mkubwa akapewa nyumba. Wifi yangu akapewa kiwanja. Mume wangu, ambaye ndiye kitinda mimba, akapewa "yule samaki wa ukutani". Basi. Msomaji wa wosia akakunja karatasi, sisi tukabaki tunatazamana.

Samaki mwenyewe ni bamba la jiwe la rangi ya krimu, kubwa kidogo kuliko trei ya chai. Katikati yake kalala samaki mzima, na mifupa yake na mapezi yake, kahawia iliyokolea karibu na weusi. Baba mkwe alirudi naye kutoka Marekani mwaka 1982, alikokwenda kusomea jiolojia. Watoto wake walikua wakimwona pale juu ya redio kama watoto wengine wanavyokua wakiona saa ya ukutani.

Njiani kurudi Dar mume wangu hakusema neno. Tulipofika Msamvu ndipo akanigeukia: "Kwa hiyo mimi ndiyo wa jiwe?" Nikacheka. Nilikosea. Wanandoa wenzangu mnajua, kuna vicheko ambavyo unavilipia wiki nzima.

Wiki tatu baadaye nikakutana na meseji kwenye simu yake (usiniulize niliionaje). Kumbe keshampata dalali, na dalali keshampata mtu anayetafuta mapambo ya hoteli. Bei wamekubaliana milioni sita. Kishika uzito cha laki tano kimeshapokelewa na kimeshakwenda kwenye ada ya shule. Na mume wangu kaandika kwa mkono wake: "Ni samaki halisi asilimia mia, wa enzi za dinosaria, hajaguswa."

Nikamuuliza kitu kimoja tu. "Baba Nanii, umejuaje kwamba hajaguswa?"

Kimya. Hapo ndipo kazi ilipoanza.

KWANZA: HUYU SAMAKI NI NANI?

Kwa lugha ya kitaalamu mabaki ya kiumbe wa kale yaliyohifadhika ndani ya mwamba yanaitwa kisukuku. Kabla hujauliza bei yake, jiulize katoka wapi, maana kila eneo lina jiwe lake na samaki wake, kama vile kanga inavyojulikana imetoka kiwanda gani.

Sisi tulianzia nyuma ya bamba. Hapo palikuwa na kikaratasi kilichochakaa kimeandikwa kwa penseli: "Kemmerer, Wyo." Kama umerithi kitu cha namna hii, usikibandue wala kukisafisha kikaratasi kama hicho. Ndicho cheti chake cha kuzaliwa.

Kemmerer ni mji mdogo katika jimbo la Wyoming, Marekani. Karibu na hapo, yapata miaka milioni 52 iliyopita, palikuwa na ziwa. Matope laini ya chokaa yalitua chini taratibu, tabaka juu ya tabaka, yakawafunika samaki waliokufa kabla hawajaoza na kusambaratika. Ndiyo maana samaki wa huko wanapatikana wazima mpaka magamba. Mwaka 1972 sehemu ya eneo hilo ilitengwa kuwa hifadhi ya taifa inayoitwa Fossil Butte, na humo huruhusiwi kuokota. Lakini nje ya hifadhi yapo machimbo ya watu binafsi yanayochimba na kuuza kihalali, na samaki wao wametapakaa duniani kote.

Sasa fanya hesabu ndogo. Dinosaria wakubwa tunaowaona kwenye filamu walitoweka miaka milioni 66 iliyopita. Samaki wetu ana milioni 52. Kwa hiyo ile "enzi za dinosaria" ya mume wangu ilipitwa na miaka milioni 14. Uongo wa kwanza huo, na tulikuwa hatujawasha hata taa.

Samaki wa Wyoming unaoweza kukutana nao zaidi ni hawa:

• Knightia. Mdogo, wa ukoo wa dagaa, mara nyingi hazidi urefu wa kiganja na vidole. Ni miongoni mwa visukuku vya samaki wanaopatikana kwa wingi kuliko wote duniani, na tangu 1987 ndiye kisukuku rasmi cha jimbo la Wyoming. Kwa sababu ya wingi huo, mdogo wa kawaida huuzwa kwa makumi ya dola tu.

• Diplomystus. Anafanana na Knightia lakini hukua zaidi, hadi kupita nusu mita. Mdomo wake umeelekea juu, kama mtu anayesubiri kulishwa. Pezi lake la chini, lile la kuelekea mkiani, ni refu sana.

• Priscacara. Kifua kipana, na pezi la mgongoni lina miiba kama ya sato. Ukimwona utadhani umemnunua Feri asubuhi.

• Mioplosus. Mwembamba, ana mapezi mawili mgongoni. Huyu ni mlafi: wamepatikana wengine wamekufa na samaki mwenzao mdomoni.

• Phareodus. Meno makubwa yaliyochongoka. Humsahau.

Tukachukua rula na kioo cha kukuzia. Wetu ana sentimita 34. Mdomo umeangalia juu. Pezi la chini refu. Kati ya kichwa na pezi la mgongoni kuna mstari wa vigamba vigumu vyenye meno meno. Huyo ni Diplomystus. Samaki wa heshima, ndiyo, ila wa ukubwa huo kwa kawaida anafika mamia ya dola. Milioni sita ilikuwa ndoto ya dalali.

NA KAMA WAKO SI WA WYOMING?

Jiwe lenyewe litakupa fununu.

Samaki aliye ndani ya jiwe la mviringo kama mkate, mnene badala ya kulala bapa, huenda ni wa Araripe, kaskazini mashariki mwa Brazil. Ana zaidi ya miaka milioni 100. Lakini kuwa makini: tangu mwaka 1942 sheria ya Brazil inahesabu visukuku kuwa mali ya taifa, kwa hiyo muuzaji wa nje ana maswali ya kujibu.

Vijisamaki vingi vidogo kama dagaa kwenye bamba moja vinaweza kuwa Lycoptera wa Liaoning, China. Samaki wa baharini kwenye chokaa nyeupe anaweza kuwa wa Haqel, Lebanon.

Na usidhani haya ni mambo ya ughaibuni tu. Mkoani Singida kuna mahali panaitwa Mahenge (siyo ile Mahenge ya Morogoro) palipokuwa na ziwa ndani ya kreta, miaka milioni 46 hivi iliyopita. Humo wamepatikana samaki wa ukoo wa perege na sato ambao ni kati ya wa kale zaidi wanaojulikana duniani, wakaitwa Mahengechromis. Mwingine, ndugu wa mbali wa yule Phareodus wa Wyoming, wataalamu walimpa jina la Singida kabisa, mwaka 1967. Kwa hiyo kama babu yako alikuwa mtu wa Singida na kaacha jiwe lenye samaki, usikimbilie kwa dalali. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda visukuku vya nchi yetu, na kuchimba au kusafirisha nje bila kibali ni kosa. Anzia Makumbusho ya Taifa pale Mtaa wa Shaaban Robert, Dar es Salaam.

PILI: KAGUSWA AU HAJAGUSWA?

Kukarabatiwa kwa visukuku ni jambo la kawaida. Jiwe hupasuka wakati wa kuchimba, fundi akaunganisha kwa gundi. Pezi limekatika, akajaza kwa plasta. Rangi imefifia, akaongeza kidogo. Wengine hawaishii hapo, wanamchora samaki nusu nzima, au wanachukua kichwa cha huyu na mwili wa yule.

Wakubwa pia hudanganyika. Mwaka 1999 jarida la National Geographic lilitangaza kisukuku kutoka China kilichoitwa Archaeoraptor, eti ni kiungo kati ya dinosaria na ndege. Kilikuwa kimenunuliwa Marekani kwa dola 80,000. Kikaja kugundulika ni vipande vya viumbe zaidi ya mmoja vimegundishwa pamoja. Kama wao waliingizwa mjini, mimi na wewe ni akina nani?

Basi usiku mmoja, watoto wamelala, tukamlaza samaki juu ya taulo mezani jikoni. Haya ndiyo tuliyoyafanya, nawe unaweza kuyafanya nyumbani.

1. Tazama rangi kwa kioo cha kukuzia. Mfupa halisi hauna rangi moja. Kuna mahali pamekolea, mahali pamefifia, na mara nyingi una mng'ao kidogo. Rangi ya kupaka imelingana kila mahali, imefifia kama ukuta, na wakati mwingine utaona alama za brashi. Angalia pembeni pia: rangi ikimwagikia kwenye jiwe, kuna mkono wa mtu hapo.

2. Fuata ufa. Ufa wa jiwe hauchagui. Ukikatiza bamba lazima umkatize na samaki. Ufa ukifika kwa samaki ukapotea, halafu ukatokea upande wa pili, ujue pamezibwa.

3. Pitisha kidole taratibu. Miale ya mapezi halisi mara nyingi imeinuka kidogo, haijalingana, na mingine imekosekana. Miale ya kuchora ni bapa na imepangwa vizuri kupita kiasi. Ukamilifu uliozidi ni wa kutiliwa shaka, kwa samaki hata kwa wachumba.

4. Kagua ubavu wa bamba. Matabaka ya jiwe yanatakiwa yaendelee kutoka upande mmoja hadi mwingine. Ukiona mstari ulionyooka unamzunguka samaki kama fremu, huenda kakatwa kwingine akapachikwa hapo.

5. Mpime kwa mkono. Jiwe ni zito na ni la baridi. Kopi ya kumimina kwa resini ni nyepesi, haina ubaridi ule, na kwa kioo cha kukuzia unaweza kuona vitundu vya viputo vya hewa.

6. Zima taa, washa taa ya kukagulia noti. Ndiyo, ile ya dukani. Inatoa mwanga wa urujuanimno, na chini yake gundi na vijazio mara nyingi huwaka tofauti na mfupa na jiwe. Si sawa na taa ya maabara, ila inasaidia. Usiiangalie moja kwa moja kwa macho.

7. Mwisho kabisa, asetoni. Kina dada tunayo kwenye pochi: dawa ya kutolea rangi ya kucha. Chovya kijiti cha pamba, gusa sehemu ndogo sana pembeni, isiyoonekana. Pamba ikitoka na rangi, umepata jibu. Lakini usisugue! Asetoni huyeyusha pia gundi nzuri ambayo fundi aliipaka kuimarisha mfupa. Fungua madirisha na kaa mbali na jiko, maana inashika moto upesi. Kama samaki wako ana thamani kubwa, hatua hii mwachie mtaalamu.

Na usijaribu kumwosha kwa maji na sabuni, wala kumpaka siki "uone kama atatoa povu". Bamba la chokaa litatoa povu kweli, na ndivyo utakavyokuwa unalila.

Kichwa cha samaki wetu kilipita mtihani. Mgongo ukapita. Mbavu zikapita, na ufa mdogo uliokatiza tumboni ulimkatiza na yeye kama inavyotakiwa. Nikamwona mume wangu anaanza kutabasamu.

Kisha tukazima taa. Mwili mzima wa samaki ukabaki giza. Mkia ukawaka weupe, kama maziwa.

Nikagusa na pamba. Ikatoka kahawia.

KUMBE MKIA ULIKUWA NA MWENYEWE

Mume wangu alikaa chini. Alichosema cha kwanza si kuhusu milioni sita. Alisema, "Kwa hiyo hata mzee alipigwa." Kilichomuuma ni kwamba baba yake, mtu wa kusomea mawe, aliuziwa samaki wa kuchora, akamtundika miaka yote akijisifia, halafu akamwachia yeye.

Asubuhi yake tukampigia mama mkwe Dodoma, shikamoo, marahaba, habari za huko. Nikaweka sauti ya nje. Mume wangu akauliza kwa kuzungukazunguka: mama, yule samaki, baba alimnunua vile vile, au?

Mama alicheka mpaka tukadhani simu imekatika.

"Mwanangu, mkia ule uliuvunja wewe. Mwaka 1990, ulikuwa na miaka minne. Ulipiga mpira ndani, samaki akaanguka. Ulijificha uvunguni ukalia mpaka ukapitiwa na usingizi. Baba yako alikesha siku tatu anaurudishia kwa plasta ya hospitali na gundi ya mbao, akaupaka dawa ya viatu. Akaniambia nisikwambie, mtoto asije akakua anaogopa vitu vya nyumbani."

Sitaandika yaliyofuata pale mezani. Niseme tu kwamba ile "kwa hiyo mimi ndiyo wa jiwe?" sijaisikia tena.

JE, UKARABATI NI UTAPELI?

Hapana, na hapa ndipo wengi tunapochanganya mambo. Samaki aliyekarabatiwa bado ni samaki wa kweli. Hata majumba makubwa ya makumbusho yana visukuku vilivyojazwa na kuunganishwa. Tofauti ni moja: wao wana rekodi inayoonyesha kipi ni mfupa na kipi ni plasta. Utapeli unaanza pale unapojua halafu ukaandika "hajaguswa".

Kwa hiyo kabla hujauza au hujanunua, hakikisha una majibu ya maswali haya:

• Katoka wapi hasa, na kuna karatasi gani inayoonyesha?
• Alichimbwa na kusafirishwa kihalali?
• Ni sehemu gani zimejazwa, zimegundishwa au zimepakwa rangi?
• Nani alizikarabati, na lini?
• Bei inahesabu ukarabati huo, au inajifanya haupo?

Kama una mashaka, Makumbusho ya Taifa wapo, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina watu wa jiolojia. Wapelekee picha safi ya mbele, ya nyuma na ya ubavu, na rula ikiwa pembeni ili ukubwa uonekane.

TULIISHIAJE?

Mume wangu alimpigia mnunuzi mwenyewe, bila kupitia kwa dalali. Akamwambia samaki ni wa Wyoming, hana uhusiano na dinosaria, na mkia ni wa plasta. Mnunuzi akakaa kimya kidogo, akasema asante kwa kuwa muwazi, lakini yeye alitaka ambaye hajaguswa. Dalali kanuna mpaka leo. Laki tano tuliirudisha kwa pesa yangu ya upatu iliyokuwa itoke mwezi ule, na deni hilo mume wangu analilipa polepole (namkumbusha kila mwisho wa mwezi, kwa upendo).

Tulizungumza pia kuhusu ile meseji. Mimi nilikiri kupekua simu, yeye akakiri kuchukua pesa ya watu bila kunishirikisha. Mazungumzo hayo yalikuwa marefu kuliko ya samaki, na hayakuhitaji taa ya noti.

Sasa samaki yuko sebuleni kwetu, mbali na jua na mbali na mpira. Kikaratasi cha mzee hatujakigusa. Chini yake tumebandika cha kwetu, kwa mwandiko wa mume wangu: "Diplomystus. Wyoming. Mkia umetengenezwa na Baba, 1990."

Wewe je, kuna nini kimening'inia ukutani kwenu ambacho hujawahi kukigeuza nyuma ukakiangalia? Kigeuze wikiendi hii, mkiwa wawili. Na kama wazee bado wapo, wapigie simu kabla hujampigia dalali.